Wifi kala kamisheni, mimi nimebaki na kovu: nani alipe?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, mama wa watoto wanne, wawili wa mwisho pacha. Nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma: nanunua wabichi alfajiri, naanika, nafunga magunia, nasafirisha. Tangu nijifungue pacha, tumbo langu halikurudi. Ngozi ilining'inia, nikikaa inalala mapajani, na mwaloni haipiti wiki bila mtu kuniuliza, "Mama Pacha, huyu wa mwezi wa ngapi?" Unacheka nao, usiku unalia.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaishi Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2023 akaanza kunitumia picha za wanawake kabla na baada ya kupasuliwa kukazwa tumbo kwenye kliniki moja ya binafsi huko. Akanitumia na sauti kwa WhatsApp, ninazo mpaka leo: kovu litakuwa kama uzi, wiki mbili niko kazini, na "kitu kikienda kombo wanarekebisha bure wifi, hawa si wababaishaji". Bei ilikuwa milioni 8.5. Nilikuwa na milioni 4, milioni 3 nikakopa kikoba, iliyobaki akanipa mume wangu. Hapo ndipo pabaya: nilimwambia naenda kupasuliwa ngiri ya kitovu. Wifi alijua, na tulicheka.

Nilipasuliwa Februari 2024. Fomu nililetewa nimeshavaa gauni la chumba cha upasuaji, kurasa nne za Kiingereza, nesi akanionyesha pa kusaini. Siku ya nne nikaruhusiwa. Siku ya sita wakanitoa mrija wa majimaji, kesho yake alfajiri nikapanda basi la Kigoma. Karatasi niliyopewa ilisema nisibebe kitu kizito kwa wiki sita. Nilikaa wiki tatu. Mzigo ukaja, kijana wangu wa kazi hakutokea, nikainua magunia mwenyewe.

Kidonda kikafumuka upande wa kushoto, kikatoa usaha. Nilisafishwa hapa mjini mwezi mzima, karibu laki sita, zote mfukoni mwangu. Kilipofunga, kovu likaanza kuota. Sasa ni gumu, linawasha, limeinuka kama kamba kutoka nyonga hadi nyonga, na kushoto pamebaki nyama imechomoza kama sikio. Wenzangu mwaloni wananiambia nipake mawese ya vuguvugu, napaka. Mei Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi, mpaka katikati ya Agosti. Biashara ikalala, na marejesho ya kikoba yakalala. Bado nadaiwa milioni 1.2.

Nilipowapigia kliniki, daktari akasema nilibeba mizigo, kwa hiyo ni juu yangu, na kurekebisha ni milioni 3.5. Nikimwambia wifi, anasema, "Nilikuelekeza tu, sikukukamata mkono." Halafu mama mmoja aliyepitia kwake akaniambia kuwa kliniki humpa wifi laki tano kwa kila kichwa. Mume amejua yote, hataki hata kusikia. Mama mkwe anasema mwanawe hapelekwi mahakamani na mke wa kaka yake.

Shangazi, nimdai daktari, nimdai wifi, au nimeze?

Mama Pacha, Kibirizi


Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu umefunga magunia matatu kwa kamba moja ukataka niyapime pamoja. Kabla sijakaa huku kujibu barua nilifanya kazi chumba cha upasuaji miaka mingi, na nimeona watu wakikosa hata kile walichostahili kwa kuwa walidai vyote kwa mkupuo. Tufungue moja moja.

Kwanza hilo kovu. Kama limebaki ndani ya mstari wa mshono, ni kovu nene tu, na makovu ya namna hiyo huweza kulainika lenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Kama limevuka mstari na linatambaa kwenye ngozi nzima, hiyo ni keloidi, nayo haina haya. Sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi, na hutembea katika ukoo. Hakuna mpasuaji anayeweza kuapa kwamba kovu lako halitaota, hata awe na mkono wa dhahabu. Kwa kuota tu, humdai kitu. Ila niambie: kabla ya kulala pale mezani, kuna aliyekuuliza kama mama yako au dada zako wana makovu ya kuota? Kuna aliyetazama masikio yako pale ulipotoboa? Aliyekwambia waziwazi kwamba mshono huu ni mrefu, unapita tumbo zima, na ukiota utakuwa nao miaka? Kama hakuna, kosa la daktari haliko kwenye kisu, liko kwenye kinywa. Na hilo linadaiwa, kwa sababu ungeambiwa huenda ungesema, "Ngoja kwanza."

Gunia la pili ni kidonda kufumuka, na hapa utanikasirikia. Wiki sita ni wiki sita. Aliyekwambia wiki mbili alikuwa wifi, naye si daktari. Karatasi ya kliniki ulikuwa nayo nyumbani ukainua magunia. Sehemu hiyo ni yako, usiihamishie kwa mtu.

Lakini si yote ni yako. Daktari alijua unatoka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka mezani kwake. Sijui kama aliuliza kazi yako, alipaswa kuuliza. Umepasuliwa tumbo zima, mrija umetolewa jana, leo unakaa kwenye basi kutwa kucha. Kukaa hivyo baada ya upasuaji mkubwa kunaweza kugandisha damu kwenye miguu, na bonge likipanda mpaka kwenye mapafu mtu anakufa kabla hajafika Uvinza. Mpasuaji makini angekubakiza Dar mpaka akuone tena, au angekupa barua ya daktari wa huku anayejua nini cha kutazama. Wewe ulipewa karatasi na kwaheri. Kazi ya mpasuaji haiishii kwenye fundo la mwisho la uzi.

Kwa hiyo akikwambia "ulibeba mizigo, ni juu yako", amesema nusu. Mahakama ikiona mdai naye alichangia kuumia kwake, hupunguza fidia kwa kiasi cha mchango wake. Haimfukuzi mlangoni.

Gunia la tatu, sikio, ndilo jepesi. Hutokea mwisho wa mshono pale ngozi iliyokatwa ilikuwa nyingi, na wewe wa pacha ilikuwa nyingi. Hurekebishwa kwa ganzi ya pale pale, bila kukulaza usingizi, baada ya uvimbe kuisha, yaani miezi sita hadi mwaka. Sasa milioni 3.5 ni ya nini? Waombe mchanganuo kwa maandishi. Kama ni ya sikio tu, wanakuona una ziwa zima nyuma ya nyumba. Kama wanataka kukata na kovu lote upya, nakusihi usikubali haraka, kwa sababu keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine ya kuizuia, mara nyingi hurudi, na hurudi kubwa kuliko ile ya kwanza. Unaweza kulipa milioni 3.5 ukanunua kovu jingine.

Tuje kwenye fomu, ambayo naona imekutisha kuliko daktari mwenyewe. Saini yako ilikubali hatari za kazi iliyofanywa vizuri. Haikukubali kazi mbovu, na hakuna karatasi inayoweza kumpa daktari ruhusa ya uzembe. Tena ridhaa ni mazungumzo. Fomu ni kumbukumbu tu kwamba mazungumzo yalifanyika. Mtu aliyevaa gauni, ana njaa ya tangu jana usiku, ameshalipa milioni 8.5, analetewa kurasa nne za lugha asiyoisoma na nesi anamwonyesha mstari wa chini. Pale mtu anasaini hata hati ya kuuza nyumba. Ukiulizwa, eleza hivyohivyo ilivyokuwa. Usiongeze chumvi, maana nao watauliza kwa nini wiki zote za kutumiana picha hukuomba kuongea na daktari hata mara moja.

Na hilo nakuuliza na mimi. Wewe ukinunua dagaa, unazamisha mkono mpaka chini ya gunia, kwa sababu unajua juu huwekwa wale wanaong'aa na chini mchanga. Zile picha za kabla na baada ni juu ya gunia. Huko chini kulikuwa na maswali: daktari ni bingwa wa upasuaji rekebishi au ni daktari wa kawaida aliyenunua mashine? Amesajiliwa hivyo na Baraza la Madaktari Tanganyika? Kikiharibika, nani analipa chumba, nani analipa dawa za usingizi, nani analipa nauli? Hilo la mwisho lilipaswa kuandikwa kabla ya kisu. Baada ya kisu kila mtu anageuka mwanasheria.

Sasa wifi. Mama mkwe ana hofu bure, kwa sababu mimi sitaki umshtaki. Nataka umtumie.

Fikiri vizuri. Kama laki tano zilitoka kwenye mfuko wa kliniki, wifi hakuwa dada anayekuelekeza njia. Alikuwa mtu wao, na alichokuahidi ili akulete kinaweza kuhesabiwa kuwa kimetoka kwao. Sheria yetu ya Mikataba ina sehemu nzima juu ya wakala na aliyemtuma. Ile sauti ya "wanarekebisha bure" unayoiona ni uongo wa wifi, inaweza kuwa ahadi ya kliniki. Kliniki itamruka: "Hatumjui." Hapo ndipo unamhitaji awe upande wako, na ule ujumbe wa muamala kwenye simu yake unaoonyesha nani alimtumia laki tano na siku gani. Ukimfanya adui leo, kesho anafuta kila kitu, na wewe unabaki na neno lako dhidi ya la daktari.

Kwa hiyo yeye mdai nyumbani. Mwombe mama mkwe aitishe kikao, wifi awepo hata kwa simu. Mwambie mbele ya wazee: kamisheni uliyokula juu ya tumbo langu, irudi, na uniandikie kwa mkono wako nani alikuwa anakulipa. Laki tano hazitakurudishia tumbo, ila zinalipa karibu nusu ya deni la kikoba. Akikataa mbele ya mama yake, basi mama mkwe mwenyewe ataelewa kwa nini jina la binti yake litatajwa kwenye barua ya madai. Nadhani hatakataa. Watu wa kamisheni huogopa maandishi, lakini wa kwetu huogopa zaidi kikao.

Sauti hizo za WhatsApp zihifadhi mahali pawili, usiziache kwenye simu moja inayoweza kudumbukia ziwani. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ushahidi wa aina hiyo hupokelewa mahakamani, ila mahakama hutaka kujua umetunzwaje na ni wa nani. Usikate vipande, usiunganishe.

Kisha waandikie kliniki. Usipige tena simu. Omba nakala ya faili lako lote: fomu, maelezo ya upasuaji, karatasi ya kuruhusiwa, risiti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kupata taarifa zako, na faili la hospitali limo. Ukishalipata, mpelekee mpasuaji mwingine asiyewajua wale, aandike maoni yake. Bila daktari wa pili kusema "hapa mwenzangu alikosea", kesi ya uzembe wa kitabibu haisimami hata uwe na kovu la kutisha namna gani, kwani anayedai ndiye anayethibitisha. Matokeo mabaya peke yake si uthibitisho wa uzembe. Hili huwauma wengi, najua.

Ukitaka daktari achunguzwe mwenendo wake, lalamika kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Wao wana mamlaka juu ya usajili na nidhamu yake, wanaweza kumwonya au kumwondoa kazini. Pesa yako si kazi yao. Ukiona matangazo yale yalikuwa ya kudanganya wateja, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza hilo, na Tume ya Ushindani ndiyo inayopokea malalamiko ya namna hiyo. Fidia ni mahakamani, na kesi itakuwa Dar, walikofanyia kazi yao. Piga hesabu ya nauli ya kila tarehe ya kutajwa, malazi, chakula, wakili. Kwa madai ya uzembe una miaka mitatu tu tangu jambo litokee, kwa hiyo kalenda yako inaishia Februari 2027. Yale ya kuvunja mkataba, sita. Usiniambie baadaye ulikuwa unasubiri msimu.

Kwa maoni yangu, ukishapata faili na maoni ya daktari wa pili, andika barua ya madai kwanza. Dai mambo madogo yanayosimama: sikio lirekebishwe bila malipo kama ulivyoahidiwa, walipe sehemu ya gharama za kusafisha kidonda, wakulipie tiba ya kovu. Usiombe milioni 8.5 zote. Kazi ya kukaza tumbo ilifanyika, na wewe mwenyewe katika barua yako ndefu hujasema hata mara moja kwamba ngozi bado inalala mapajani. Nimeliona hilo. Kliniki inayoishi kwa picha za mtandaoni haipendi barua ya wakili, na mara nyingi itakuita mzungumze. Wakili kama huna, ulizia wasaidizi wa kisheria hapo wilayani. Wapo kwa mujibu wa sheria ya 2017 ya msaada wa kisheria, na huduma yao hailipiwi.

Wakikataa kabisa na daktari wa pili akasema hakuona kosa, basi gharama ni yako, na si wewe tu duniani. Mwaka 2010 huko Ufaransa iligundulika kampuni ya Poly Implant Prothèse ilikuwa ikijaza matiti ya bandia kwa silikoni ya viwandani. Uingereza pekee wanawake zaidi ya 40,000 walikuwa nayo miilini, wengi wao waliwekewa kliniki za binafsi. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Na serikali ya Uingereza iliwaambia waliokataliwa na kliniki zao: hospitali za umma zitawatolea, hazitawawekea mapya. Pale palikuwa na mhalifu wa wazi kabisa, bado mwenye mwili alibaki na bili.

Kikoba usikiingize kwenye ugomvi huu. Wale akina mama hawakukupasua. Nenda kwa mwenyekiti kabla hajakufuata, mwombe marejesho yapangwe upya, mwambie ziwa lilifungwa tangu Mei 15 na wengi mle kikundini walikwama kama wewe.

Mume wako sitamsemea mengi. Hakasirikii kovu, anakasirikia ngiri. Ulimdanganya mkacheka na dada yake. Anza na kuomba radhi kwa hilo peke yake, bila kutaja pesa, siku hiyo.

Mawese weka kwenye maharage, hayana kazi kwenye keloidi, na kusugua ngozi inayowasha kunaichokoza. Nenda hospitali ya Maweni ukaonane na daktari, atazame kama ni kovu nene au keloidi, akupe rufaa ikibidi. Zipo karatasi za silikoni za kubandika, na zipo sindano za steroidi zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki nne hadi sita, mara kadhaa. Zinauma, nakwambia kabla hujaambiwa na nesi. Lakini wengi huacha kuwashwa mapema, hata kabla kovu halijashuka. Omba bei ya mzunguko mzima iandikwe kabla ya sindano ya kwanza, na risiti ya kila sindano iweke kwenye bahasha ileile ya madai. Na yule kijana asiyetokea siku ya mzigo, tafuta mwingine.

Shangazi